Amana au Deni?

Mwaka uliopita bi mkubwa mmoja katika watu wetu hapa Muscat alitibiwa tezi ya shingo kwa kupewa iodini yenye mionzi. Ni kidonge kimoja tu, humezwa kwa maji, wala hakina ladha. Baada ya kukimeza alikaa peke yake chumbani siku tatu, chakula akiwekewa mlangoni, na aliporudi nyumbani aliambiwa alale peke yake, nguo zake zifuliwe mbali na za wenziwe, na asimpakate mjukuu wake mpaka siku alizohesabiwa zitimie. Yote hayo aliyapokea kwa subira. Kilichomkaa rohoni ni jambo jengine. Alimuuliza yule daktari kijana, kwa Kiswahili, kwani naye ni mtoto wa kwetu: "Mwanangu, na hicho ninachokwenda nacho chooni, kinakwenda wapi?"

Daktari akamwambia kuwa choo cha chumba kile hakiungani na mfereji wa mji. Maji yake huingia katika tangi la peke yake, yakafungiwa humo na kungojewa. Iodini ile hupungua nusu ya nguvu zake kila siku 8. Ukiipa siku 80 haibakii hata sehemu moja katika elfu, na hapo maji huachiwa yende zake kama maji mengine.

Bi mkubwa aliridhika, akarudi kwa mjukuu wake siku ilipofika. Sisi ndio ambao hatukuridhika. Tunakutana kila Ijumaa jioni kwa kahawa na halua, wazee na vijana, na swali lile lilipoletwa barazani halijaondoka mpaka leo.

Maana siku 80 ni muda ambao binadamu anaweza kuuahidi. Daktari atakuwepo, spitali itakuwepo, na yule mwenye ufunguo wa tangi akipewa likizo atamkabidhi mwenziwe. Lakini taka za mionzi si zote za siku 80. Kobalti-60, inayotumika kutibu saratani, hupungua nusu kwa miaka mitano na kitu. Sesiamu-137 kwa miaka 30. Radiamu-226 kwa miaka 1,600. Plutoniamu-239, iliyomo ndani ya nishati iliyokwisha kutumika katika mitambo ya umeme wa nyuklia, kwa miaka 24,000. Hesabu ni ile ile moja, lakini ahadi si ile ile. Miaka 1,600 nyuma hapakuwa na Kilwa ya mawe, wala hii lugha tunayoandikia kwa sura tunayoijua. Serikali inaposema katika mpango wake kuwa taka hizi "zitatunzwa kwa usalama", ni nani khasa anayeahidi, na anamuahidi nani?

Wengi husema hilo si letu, kwa kuwa Oman haina mtambo wa nyuklia. Ni kweli haina. Wanayo majirani. Mtambo wa Bushehr, upande wa Iran, uliunganishwa na umeme mwaka 2011, na ule wa Barakah katika Imarati ulianza mwaka 2020, na mwaka 2024 tanuri la nne likaingia kazini. Na sisi wa Muscat, kila mtu ajuavyo, tunakunywa bahari: maji ya mifereji yetu mengi yanatoka katika viwanda vya kuondolea chumvi. Kwa hivyo mipango ya jirani nayo imo ndani ya birika letu la chai. Lakini tusikimbilie kwa jirani. Spitali zetu zina vyanzo vya mionzi. Mafundi wanaopiga picha maungio ya mabomba hutumia iridiamu. Wachimbaji wa visima huteremsha vyanzo ardhini kuupima mwamba. Na kubwa kuliko yote hayo ni mafuta yenyewe.

Hili la mafuta lilitufikia kwa njia ambayo hatukuitarajia. Katika baraza letu yumo Ami mmoja, sasa amepindukia miaka themanini, aliyefanya kazi visimani katika nchi mbili tatu za Ghuba hii tangu ujana wake. Ni katika wale waliotoka Unguja na Kiingereza chao cha skuli, wakafika huku wakati watu waliosoma wakitafutwa kwa taa. Yeye ndiye aliyetueleza ukoko.

Mafuta hayatoki peke yake, alisema. Hutoka na maji ya chini ya ardhi, na kisima kikizeeka maji huwa mengi kuliko mafuta. Maji hayo yamekaa na mwamba kwa muda usiohesabika, yakachukua ndani yake radiamu kidogo, ile ile ambayo Muumba aliiweka mwambani. Yakipanda juu, yakapoa na mgandamizo ukapungua, chumvi zake huganda ndani ya bomba, na radiamu hugandia humo humo. Siku zikenda bomba linakuwa na ukoko mgumu, mfano wa ule wa sufuria ya wali, ila huu ni wa mawe. Zamani mabomba yalipoziba walikuwa wakiyagonga kwa nyundo na kuyakwangua, vumbi likiruka, na mchana wakila chakula chao pale pale. Ulimwengu wa mafuta ulianza kulizingatia jambo hili kwa dhati katika miaka ya 1980. Siku hizi mabomba hupimwa, na yenye ukoko wa mionzi hutengwa katika nyua maalumu jangwani.

Mmoja wetu akauliza kwa mzaha: "Ami, na lile lako?"

Kwani mlangoni kwa Ami, tangu tunamjua, kuna kipande cha bomba kimesimamishwa, kimo cha magoti, anachotilia bakora zake. Alipostaafu alikichukua kuwa ukumbusho. Ndani yake, ukimulika kwa tochi, kuna ukoko wa rangi ya majivu, unene wa kidole. Wajukuu wote wa nyumba ile wamecheza na bakora zile.

Ami hakucheka. Tutarudi kwake.

Sheria zipo, tusiseme hazipo. Oman ilikuwa na kanuni za vitu vyenye mionzi tangu mwaka 1997, ikaingia katika Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 2009, na tangu mwaka 2020 mazingira yana mamlaka yake. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki na sheria ya mwaka 2003. Vyanzo vilivyokwisha kazi hukusanywa Arusha. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019 na ina ghala lake Oloolua, nje kidogo ya Nairobi. Na juu ya zote kuna mkataba wa kimataifa juu ya taka za mionzi, uliokubaliwa mwaka 1997 na kuanza kufanya kazi mwaka 2001, unaozitaka nchi zisiwatwike watakaokuja baadaye mzigo usiowastahili. Ni maneno mazuri. Ila mzigo unaostahili ni upi? Hapo mkataba unanyamaza, na baraza linaanza.

Katika hotuba za wakubwa neno linalopendwa ni amana. Mazingira ni amana, ardhi ni amana, na hata taka hizi utasikia kuwa tunawaachia watoto wetu amana ya kuilinda. Sisi tuliozaliwa katika nyumba ambazo amana ilikuwa ikiwekwa kwelikweli, dhahabu ya jirani ndani ya kasha la bibi, tunaona neno hili linatumiwa pasipo pake. Amana ina sharti. Haitupwi tu mlangoni kwa mtu. Anayeiweka huuliza, "Utanitunzia?" na anayewekewa ana haki ya kusema hapana, nyumba yangu haina kufuli. Akikubali ndipo inapomlazimu. Sasa huyo atakayezaliwa Namtumbo miaka 300 ijayo, nani amemuuliza? Huwezi kumuwekea amana mtu ambaye hayupo.

Hili tunalowaachia lina jina jengine katika desturi zetu, na jina lenyewe ni deni. Na deni tunalijua taratibu zake. Maiti akiwa bado hajatoka nyumbani, mtu husimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu awaone warithi. Mali haigawanywi kabla ya deni kulipwa. Haiwezi kuwa watoto wakagawana nyumba, shamba na pesa za benki, kisha wadai wakaambiwa wangojee wajukuu. Ukilitazama jambo la taka kwa jicho hili, mpango wa taifa unakuwa na swali moja la mwanzo, nalo ni la mfuko: zile fedha za maziko ziko wapi, na zilitengwa lini? Finland, ambako wamechimba mapango ya Onkalo ndani ya mwamba, zaidi ya mita 400 chini, ili wazike humo nishati iliyotumika, walikuwa wakiyakata makampuni ya umeme fedha za kazi hiyo tangu miaka ya 1980, wakati umeme bado unauzwa. Hatuwasifu kwa kuwa Wazungu. Tunawasifu kwa kuwa walikata deni kabla ya kugawana.

Kijana wetu mmoja, mhandisi, alitupinga na hoja yake ina uzito. Alisema warithi hawarithi taka peke yake. Wanarithi barabara, skuli, spitali, na elimu iliyonunuliwa kwa mafuta yale yale. Aliyerithi nyumba asilalamike kuwa amerithi na shimo la choo. Tena, akasema, wao watakuwa na sayansi kuliko sisi. Huenda kinachotushinda leo kikawa kwao kazi ya asubuhi moja.

Juu ya sayansi tulimjibu kwa khabari ya Goiânia, mji wa Brazil. Mwaka 1985 zahanati moja ya saratani ilihama jengo lake ikaacha nyuma mashine yenye sesiamu-137, na kukawa na mzozo wa wenye mali. Jengo likabaki gofu. Septemba 1987 watu wawili wanaotafuta vyuma vikuukuu waliingia wakaing'oa mashine, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga unaong'aa buluu gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana na jamaa, wengine wakajipaka, na mtoto wa miaka sita aliuchezea kisha akala kwa mikono ile ile. Watu wanne walikufa, mtoto yule akiwa mmoja wao. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa na 249 wakakutwa wamechafuka. Unga wenyewe haukufika gramu 100. Taka zilizotokana nao, pamoja na vifusi vya nyumba zilizobomolewa, zilikuwa kiasi cha mita za ujazo 3,500.

Sasa hapo sayansi gani ilikosekana? Kila kitu kilikuwa kikijulikana mwaka 1987. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hii ni yangu". Na sisi khasa, katika watu wote, hatuna haja ya kufundishwa nyumba inavyokuwa mwenyewe akihama. Wapo kati yetu ambao wazee wao walitoka Unguja mwaka 1964 na funguo mfukoni. Walidhani wanafunga mlango. Miaka michache mbele aliyeishi ndani hakujua hata jina la aliyeijenga.

Ama hoja ya urithi, tulimwambia kijana hivi: ingekuwa anayerithi nyumba ndiye anayerithi na shimo, tungenyamaza. Lakini sivyo ilivyo. Tazama Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Mwaka 2012 mipaka ya pori la Selous ilibadilishwa kwa ridhaa ya Kamati ya Urithi wa Dunia ili urani iliyopo pale ipate kuchimbwa, na Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio. Urani ikisafishwa husafirishwa, ikawashe taa mbali. Yanayobaki ni makapi ya mwamba uliosagwa, na ndani yake hubakia kiasi cha asilimia 85 ya mionzi iliyokuwemo katika mwamba, ikiwemo thoriamu-230 inayopungua nusu kwa miaka 75,000 hivi. Umri wa mgodi huhesabiwa kwa makumi ya miaka. Kodi itakwenda Dodoma, faida itakwenda kwa wenye hisa, mshahara utakwenda Songea kwa muda, na makapi hayatakwenda popote. Watu wa Uyombo, Kilifi, walilifahamu hili bila ya kusoma mkataba wowote. Walipoambiwa mwaka 2023 na 2024 kuwa mtambo wa nyuklia wa Kenya utajengwa kwao karibu na Watamu, waliukataa hadharani. Mwaka 2025 macho ya serikali yakageukia Siaya. Mahali pamebadilika, na swali la nani atakayebakia nazo limehama pamoja na mradi.

Wala isidhaniwe tunasema mionzi iachwe. Bi mkubwa wetu yuko hai kwa sababu yake. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 1995, iliharibika isitengenezeke, nayo ilikuwa moja tu nchi nzima. Wagonjwa wa saratani wa Uganda walikaa bila ya tiba hiyo kwao mpaka mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Aliyekuwa na nauli alikwenda Nairobi, asiyekuwa nayo alibaki. Deni la namna hiyo sisi tungelikopa tena kesho. Ila tungelikopa kama wanavyokopa watu wenye akili zao: siku ya kununua chanzo, katika mkataba ule ule, muuzaji aandikiwe kuwa atakichukua kikimaliza kazi, na gharama ya kukichukua iwekwe kando kabla sanduku halijashuka bandarini. Nchi nyingi zinafanya hivyo sasa. Si jambo la ajabu, ni jambo la kukumbuka mapema.

Yuko mzee barazani ambaye hakupendezwa na mazungumzo haya ya khofu. Yeye asili yake ni Ibra, na alituambia: mnasema watu hawawezi kulinda kitu kwa miaka elfu, na falaji je? Kweli ametubana. Ziko kiasi cha falaji 3,000 zinazotiririka katika nchi hii mpaka leo, tano zimeandikwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na baadhi zina umri wa zaidi ya miaka elfu. Kila falaji ina wakili wake, ina mwenye kugawa zamu za maji, ina daftari. Watawala wamekuja na kuondoka, vita vimepita, maji yamegawanywa kwa saa ile ile. Kwa nini basi tusiamini kuwa ghala la taka nalo litapata wakili wake?

Tulikaa kimya kidogo. Jibu lilitoka kwa mwanamke, na tunaliandika kama alivyolisema: "Falaji inalindwa kwa sababu asubuhi inatoa maji."

Hapo ndipo penye uzito wote. Watu hulinda kinachowalisha. Hata wakfu wetu wa Pwani ulikaa vizuri palipokuwa na watu wanaoswali msikitini na kula matunda ya shamba. Walipotawanyika, paa lilianguka. Taka za mionzi haziwapi walinzi wake maji, wala tende, wala fahari. Kumtaka mtu alinde kwa karne nyingi kitu kisichompa chochote, kilichotokana na faida iliyoliwa na wengine, ni kumtaka awe bora kuliko sisi tulivyo. Kule Shinkolobwe, Katanga, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo, mgodi uliotoa urani ya bomu la Hiroshima ulizibwa kwa zege wakati wa uhuru. Zege halikumzuia mwenye njaa. Watu walirudi kuchimba kwa mikono wakitafuta kobalti, serikali ikaamuru pafungwe Januari 2004, na Julai mwaka ule ule shimo liliporomoka likaua watu 8.

Wengine wanaona dawa ni maandishi: tuweke alama za kuonya. Huko New Mexico, Marekani, kuna ghala ndani ya chumvi, chini sana ardhini, linalopokea taka za silaha tangu mwaka 1999, na mpango wake ni kuweka maonyo ya kudumu miaka 10,000, kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa pamoja na Kinavajo. Kiarabu kimo. Kiswahili hakimo, nasi hatukununa. Tulichojiuliza ni hiki: katika nyumba zetu wenyewe hapa Al Khoudh na Mawaleh, bibi anasema Kiswahili, mama anachanganya, mjukuu anajibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Ni vizazi vitatu tu, wala hapakuwa na vita wala mafuriko. Kuna barua za babu zetu, za khati za Kiarabu na maneno ya Kiswahili, ambazo vijana wetu wenye shahada hawawezi kuzisoma. Miaka 10,000?

Kwa hivyo sisi tumefikia rai, na msomaji ana ruhusa ya kuikataa. Mpango unaotegemea kukumbukwa haujakamilika. Kizazi kilichokula faida ndicho kinachopaswa kufanya kazi yote inayowezekana kufanywa, wakati faida bado inaingia: kuhesabu, kukusanya, kurudisha kinachorudishika, kuzika kwa kina kinachozikika, na kulipa. Anayelinda asiwe ndiye anayeuza. Daftari liwe wazi kwa kila raia. Na lile deni ambalo tukilipiga hesabu tunaliona kabisa halilipiki, kama makapi ya miaka 75,000, lisichukuliwe kwa haraka ya bei ya soko ya mwaka mmoja. Hatusemi Mkuju ifungwe. Ndugu zetu wa Ruvuma wana haki ya kazi na spitali kama sisi tulivyozipata. Tunasema kwamba kabla ya kuwapigia makofi, sisi tunaotuma pesa na maoni kutoka mbali, tuulize fedha za maziko ziko mfuko gani.

Tena tuulize kwa adabu, kwani mikono yetu si mitupu. Mafuta ya Oman yalianza kusafirishwa Julai 1967. Nyumba tunazokaa na karo za watoto wetu vilitoka humo, kwa mshahara au kwa njia nyengine. Ukoko ule ulioko jangwani una jina letu, japo hatukutia sahihi popote.

Ami alilifahamu hilo kabla yetu. Jumamosi ya baada ya mazungumzo yale aliwaita wanawe wamuondolee bomba mlangoni. Mmoja alisema litupwe wadini, mvua italichukua. Mwengine alisema yuko Mbaluchi anayepita na pikapu kununua vyuma, atatoa riali mbili. Ami alikataa yote mawili. Wakaanza kupiga simu. Ofisi ya kwanza iliwapeleka ya pili, ya pili ikawarudisha ya kwanza, na wiki mbili nzima bomba lilikaa nyuma ya nyumba limefunikwa turubali, wajukuu wamekatazwa kupita. Mwisho walikuja vijana wawili na kipimo. Walikizungusha, kikalia kidogo. Walisema kwa kukaa tu mlangoni halikumdhuru mtu, khatari kubwa ingekuwa kulikata au kuligonga na kuvuta vumbi lake. Walilifunga kwa nailoni ngumu, wakaandika namba, wakampa Ami karatasi yenye muhuri.

Karatasi ile ameitia katika bahasha moja na hati ya nyumba na wasia wake. Juu ya bahasha ameandika kwa Kiarabu ni kitu gani kilichochukuliwa, siku gani, na namba gani, kwa ajili ya wajukuu. Kisha chini yake akayaandika yote tena kwa Kiswahili. Bakora sasa zimeegemezwa ukutani tu, na kila anayeingia huziangusha.